Mama Saba wa Armelle

Jumapili, 4 Mei 2025

Baridi imeanza. Baada ya misa Mzee Murhula alikuja nyumbani bila kupiga simu. Alikuwa na wazee wengine wawili, wote watatu katika suti nyeusi, kana kwamba wametoka kuzika. Nilidhani kuna msiba. Niliweka birika jikoni nikisubiri kuambiwa jina la marehemu.

Si msiba. Mwami wetu mpya, mfalme wa Bulindwe, kijana Mirindi, amemchagua Armelle, mjukuu wangu. Anataka awe mwamikazi, mke wake wa kutawazwa naye.

Niliketi. Murhula akasema kwa Kiswahili chake cha Bukavu: "Mwalimu, tumekuya kuomba mama saba." Sikumsahihisha, mimi mwalimu wa Kiswahili. Nadhani ni mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa tunayojuana hapa Sydney.

Mke wa mwami hahesabiwi kwa baba. Huhesabiwa kwa mama zake, saba kwenda nyuma, na wa saba sharti awe Mugoli, dada wa mwamikazi wa kale. Mwanamke mkubwa wa nyumba huyataja majina mbele ya wazee akiwa amemshika binti mkono, naye binti huyarudia moja moja. Kisha orodha hutiwa saini na kupelekwa kwa baraza kule nyumbani. Katika nyumba ya Mugoli mwanamke mkubwa ni mimi. Hakuna mwingine aliyebaki.

Siku wameshaiweka: Jumamosi ya tarehe 24. Mmoja wa wazee alitania, "Tukikosea ngeli siku hiyo, Mwalimu, utatuchapa?" Wote walicheka. Nami nilicheka. Walipoondoka niliosha vikombe, halafu nikaviosha tena.

Jumatatu, 5 Mei

Nimelitoa daftari. Jalada la bluu, limeliwa na mchwa pembezoni. Niliandika nasaba yetu mwaka 1997, kambini Kigoma, kwa kuwa nilihofia nitakufa na majina yafe nami. Kwanza penseli, kisha wino. Ndivyo nilivyowafundisha wanafunzi wangu wote: penseli kwa unachodhani, wino kwa unachojua.

Mugoli alimzaa Nsimire. Nsimire alimzaa Namwezi. Namwezi alimzaa Nankafu, na Nankafu alimzaa mama yangu, Nshokano. Nshokano alinizaa mimi, Cibalonza. Mimi nilimzaa Nabintu. Nabintu alimzaa Armelle.

Kila sentensi ni ya kweli. Nimezisoma mara tatu. Hata ya mwisho ni ya kweli. Nabintu alimzaa Armelle.

Nimelifunga daftari.

Alhamisi, 8 Mei

Binti yangu Nabintu alirudi saa mbili asubuhi kutoka shifti, kwenye nyumba ya kutunzia wazee anakofanya kazi. Alikula mkate amesimama, koti bado mwilini. Nilimwambia tuzungumze. Alijua ni la nini.

"Mama, weye unasemaka kweli siku zote," alisema. "Mara hii, nyamaza."

Nilimwambia sijasema neno lolote.

"Unataka kusema. Ninaona namna unaosha vikombe."

Karibu miaka ishirini na tisa sijaliandika jambo hili popote. Nitaliandika leo, mara moja.

Novemba 1996 tulivuka ziwa kwenda Kigoma tukikimbia vita, mimi na Nabintu na kichanga chake cha miezi saba. Armelle. Alikuwa na homa tangu tulipoondoka. Alikufa mashua ikiwa inakaribia nchi kavu. Tulimzika mchangani kwa mikono na kifuniko cha sufuria. Hatukuweka alama. Watu walikuwa wanakimbia.

Palepale ufukweni alikuwapo mwanamke mmoja, Mrundi, amelala ubavu, anatokwa na damu. Alikuwa na mtoto wa kike mwenye umri kama wa wetu. Alimsukuma mikononi mwangu, akasema neno moja, akalirudia: Ntakirutimana. Kisha hakusema tena. Sijui lilikuwa jina lake au la mtoto. Hakufika adhuhuri.

Maziwa ya Nabintu yalikuwa yanavuja kwenye nguo. Mtoto alikuwa analia. Nini kingine kingetokea?

Kambini palikuwa na meza ya kuandikisha watu. Ilisemekana kwamba mtoto asiye na ndugu anachukuliwa, anapelekwa kwenye kituo cha watoto, na kutoka huko hakuna ajuaye. Kila mtu kwenye foleni ile alikuwa na mtoto wa mtu. Mwanamume aliyekuwa mbele yetu aliandikisha watoto wanne, nami niliwajua wawili tu kuwa wake. Karani akaniuliza: huyu ni nani? Nikamjibu kwa Kiswahili safi: "Armelle, mjukuu wangu, miezi saba."

Akaandika kwenye kadi ya posho. Kwa wino.

Miaka kumi baadaye, kwenye usaili wa kuja Australia, nilisema vilevile baada ya kuapa. Haikunisumbua. Nilikwisha kuzoea kwamba ni kweli.

Nabintu alivua koti hatimaye. "Nilimunyonyesha," alisema. "Ni mtoto wangu. Hiyo ndiyo yote." Akaenda kulala. Mkate ameuacha nusu.

Jumamosi, 10 Mei

Armelle alimleta Mirindi kwa chakula cha mchana. Nilipika ugali, sombe, yaani kisamvu cha kwetu, na samaki wa barafu kutoka duka la Wakongo. Nilidhani nitamwona kijana wa maringo. Ni mhandisi wa maji, yuko Wollongong, ana viatu vya kawaida. Aliniita Bibi Mwalimu. Baada ya kula alikunja mikono ya shati, akaosha sufuria zangu. Vizuri, hata chini penye masizi. Mwami wa Bulindwe!

Armelle alikuwa anacheka muda wote. Wauguzi wenzake hospitalini wamesikia habari. Mkenya mmoja, Wainaina, sasa anampigia saluti mlangoni mwa wodi: "Malkia, form ni gani? Kitanda cha nne kinataka choo." Lugha gani hiyo. Lakini nilicheka mpaka nikafuta macho.

Kisha Mirindi akazungumza kwa uzito. Kule nyumbani mtoto wa baba yake mdogo anautaka ufalme. Anasema Mirindi amekulia ugenini, ni mzungu mweusi, hajui hata kukamua ng'ombe. Anatafuta ufa popote. "Upande wangu hawajaupata," alisema. "Sasa wanautafuta kwa Armelle. Karatasi yako, Bibi Mwalimu, ndiyo itakayowanyamazisha."

Nabintu aliinuka kwenda kuchemsha maji. Yalikuwa yamekwisha kuchemka.

Wakiwa mlangoni Armelle aliniuliza, kwa Kiingereza kama kawaida yake: katika wale mama saba, anafanana na nani?

Nilimjibu: Namwezi. Sura yenyewe, na shingo.

Namwezi alikufa kabla sijazaliwa. Hakuna aliyewahi kumpiga picha.

Jumanne, 13 Mei

Treni kwenda Parramatta. Safari ndefu, kubadilisha njiani, magoti yanauma. Nilitaka kumwuliza Murhula uso kwa uso. Ana ofisi ndogo ya ukalimani juu ya duka la vitambaa.

Nilijifanya ni swali la darasani. Katika sheria ya zamani, nilimwuliza, mtoto wa kulea anahesabiwaje?

Alifurahi. Anapenda kuulizwa. Alisema mtoto wa kulea ni mtoto: anakula, anarithi shamba, anazikwa pamoja na wenzake, na anayemwita wa kulea mbele ya watu anatozwa mbuzi. "Lakini mwamikazi, hapana. Pale panatakiwa tumbo kwa tumbo. Mama saba ni matumbo saba."

Na akishatawazwa, ikajulikana baadaye?

"Anarudishwa kwao. Na mwami aliyemuoa anaondoka naye ao anabaki bila heshima." Kisha akanitazama juu ya miwani. "Kuna mutu anasema kitu?"

Nilisema hakuna.

Akasema — na hili ndilo linalonikaa kifuani — kwamba baraza lilitaka mashahidi watatu, kama desturi. Yeye akawaandikia: mkitajiwa majina na Mwalimu Cibalonza, hamhitaji shahidi wa pili. Yule mama hajawahi kukosea hata nukta.

Alinisindikiza hadi kituoni, amenibebea mkoba. Nilitaka kumnyang'anya.

Ijumaa, 16 Mei

Mvua tangu asubuhi. Nimenunua karatasi nzito, nikapiga mistari kwa rula. Nakala safi ya kupelekwa nyumbani. Nimeandika kwa wino kutoka Mugoli hadi mimi. Kutoka mimi hadi Nabintu. Mwandiko umenyooka, namshukuru Mungu.

Chini ya Nabintu nilisita. Niliweka kalamu chini, nikachukua penseli.

Nilikuwa nikidhani ninachokiogopa ni Armelle kujua. Na Mirindi kumwacha. Hayo nayaogopa, ndiyo. Lakini leo, na rula mkononi, nimeona jambo jingine. Nikiandika ukweli, mstari unashuka kwa Nabintu, unashuka tena kwa mtoto wa miezi saba, na hapo unakoma. Nabintu hakuzaa tena. Mimi sikuwa na binti mwingine. Mama saba wametembea miaka mia mbili na zaidi, wakaishia chini ya mchanga kwa kifuniko cha sufuria. Nyumba ya Mugoli ilikwisha Novemba 1996, nami nimekuwa nikiisimulia kana kwamba ingali hai.

Na yule mdogo! Hana kaburi, na jina lake tulimvua siku ileile. Sijawahi kumwombea misa. Ningemtaja kwa jina gani?

Penseli haijaandika.

Jumapili, 18 Mei

Armelle amekuja kufanya mazoezi. Tuliketi sebuleni, mkono wake katika wangu. Mkono wa muuguzi, mkavu kwa sabuni. Nilitaja, akarudia. Mara ya pili akasema nisitaje, atasema mwenyewe.

Alisema yote. Bila kusita, matamshi sahihi, hata Nshokano ambalo humshinda Murhula. Huyu ambaye nikimwuliza kwa Kiswahili kama amekula hunijibu kwa Kiingereza! Nilimwuliza amejifunza lini. Kwenye treni, alisema, akienda kazini. Kila asubuhi, saba, kama rozari.

Nilimpa alama zote.

Jambo moja tu. Alipotaja "Nabintu" alinitazama mimi, si mama yake aliyekuwa mbele yetu anakunja nguo.

Nilikuwa nimejiandaa kumwambia leo. Nilikuwa nimetunga sentensi ya kwanza. Sikuisema.

Jumatano, 21 Mei

Nabintu hasemi nami tangu jana. Nilimwambia sitaweza kutaja uongo mbele ya wazee nikiwa nimemshika mtoto mkono. Alinijibu kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Kwamba serikali itajua. Kwamba fomu zote za ukimbizi zina jina la marehemu. Kwamba wataichukua pasipoti ya Armelle, wamfungie kizuizini Villawood pamoja na wale wasio na karatasi, na nitakwenda kumtazama kwa dirisha nikiwa na ukweli wangu mfukoni.

Nilisema hilo haliwezi kutokea, amekuwa raia miaka mingi.

"Unajua?" aliniuliza. "Ao unadhani?"

Maneno yangu mwenyewe.

Alhamisi, 22 Mei

Nimekwenda kanisani peke yangu. Kasisi alikuwa na mkutano. Nimerudi.

Jumamosi, 24 Mei

Naandika kwa penseli jikoni, nyuma ya ukumbi wa kanisa, hapa Campbelltown. Saa tisa kasorobo. Mkobani nilikuja na vitu vinne: daftari la bluu, shajara hii, kalamu ya wino, na karatasi nzito ndani ya bahasha. Chini ya Nabintu bado pako wazi.

Ukumbini wamekaa watu kama themanini. Wazee mstari wa mbele. Murhula amevaa ngozi ya chui ya bandia begani, kibandiko cha bei kimening'inia nyuma, hakuna aliyethubutu kumwambia. Mirindi amekaa kwenye kiti kilichotolewa sakristia. Nabintu yuko mlangoni, haingii wala hatoki.

Dakika ishirini zilizopita Armelle aliingia hapa kuvishwa. Kitambaa cheupe, shanga za mama yangu. Wanawake walimfunga, wakatoka. Tukabaki wawili. Nilisema, "Armelle, kaa chini." Sentensi yangu ilikuwa tayari.

Akanitangulia. Kwa Kiswahili. Polepole, akiyatafuta maneno, akiyapanga kama ninavyotaka.

"Bibi, damu ya Mama ni O. Yangu ni AB. Mama mwenye O hawezi kuzaa mtoto mwenye AB."

Sikuelewa. Akarudia. Alilisoma mwaka wa pili wa uuguzi, mwaka ambao Nabintu alipasuliwa nyongo, na kadi ya damu ilikuwa juu ya meza yetu ya kulia. Alidhani maabara imekosea. Akajipima mara mbili.

Nilihesabu. Miaka minane.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Kwa sababu hujawahi kukosea, Bibi. Nilisema, kama Bibi amenyamaza, kuna sababu."

Nilimwambia yote. Mashua, mchanga, kifuniko cha sufuria. Maziwa. Meza ya karani. Nilidhani nitachukua muda mrefu. Ilikuwa kama dakika nne. Hakulia. Aliuliza maswali ya muuguzi: alikuwa anatokwa na damu wapi? Alikuwa na homa? Alikuwa peke yake?

Kisha akauliza la mwisho. Mtoto wa kwanza, yule Armelle, alizikwa upande gani wa ufuko?

Hapo ndipo mimi nililia. Nabintu tu ndiye aliyewahi kuniona hivyo.

Nilipofuta macho nilimwuliza kama Mirindi anajua. Bado. Alitaka kunisikia mimi kwanza. Akitoka hapa atamwambia, alisema, leo, kabla jua halijazama, vyovyote itakavyokuwa. Alisema "vyovyote itakavyokuwa" bila kosa lolote, lakini shanga zilikuwa zinagongana shingoni mwake.

Nilimwambia sheria: matumbo saba. Nilimwambia kuhusu mtoto wa baba mdogo na ufa anaoutafuta. Nilimwambia anaweza kumpoteza Mirindi, na Mirindi anaweza kuipoteza Bulindwe, kwa jina moja.

"Najua," alisema. "Nilikuwa nikiwahesabu kwenye treni, Bibi. Saba. Nilijua si wangu. Niliwahesabu hivyohivyo."

Nikafungua daftari la bluu, ukurasa wa mwisho kabisa, ndani ya jalada. Neno moja, la mwaka 1997. Ntakirutimana. Nililiandika siku ileile nilipoandika nasaba, nikaligeuzia mgongo. Ndilo neno pekee katika daftari zima lililobaki kwa penseli.

Alilisoma kimoyomoyo. Midomo ilisogea. Akauliza, ni lake au ni langu?

Nilisema sijui.

Murhula amegonga. Nimesema dakika moja. Ukumbini wameanza kupiga makofi taratibu, wanaita nyumba itoke. Nabintu ameingia, amefunga mlango nyuma yake. Ametutazama nyuso, ameliona daftari limefunguliwa jalada la nyuma. Amekuja kusimama karibu na Armelle, upande wa bega alilokuwa akimlaza utotoni akimbembeleza.

Karatasi nzito iko mezani. Nani huanza kutajwa? Binti mwenyewe. Jina lake, kisha la mama yake. Kila kitu kinategemea majina mawili ya kwanza. Yale sita mengine yanajiendea yenyewe.

Murhula amegonga tena. "Mwalimu! Wazee wanangojea!"

Armelle amechukua kalamu ya wino kwenye mkoba wangu, ameivua kifuniko, ameiweka katika mkono wangu wa kulia mahali pa penseli. Hakusema niandike nini. Ameushika wa kushoto, ule wa kutajia majina, na hauachii.